Risala ya Makao ya Watoto kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Makambako

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni wetu Rasmi, Baba Mchungaji na wazee wa usharika, Mheshimiwa Diwani, Afisa Ustawi wa Jamii, walimu na majirani, ndugu zetu wa msikitini mliokuja na mifuko ya sukari, na ninyi watoto, wenye sherehe yenu:

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, Mheshimiwa, na tunakupa pole ya upepo. Tarehe 16 Juni huku kwetu haina huruma na mgeni. Watoto wa Soweto waliouawa siku kama ya leo mwaka 1976 ndio tunaowakumbuka. Watakaokuimbia baadaye wamefanya mazoezi ya wiki tatu, kwa hiyo tunaomba usitazame saa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba uliyopewa imeandikwa "Harambee ya kukamilisha bweni la pili". Ratiba hiyo ilichapwa kabla ya kikao cha kamati kilichobadilisha mawazo. Kwa unyenyekevu, hatuombi bweni. Baba Mchungaji aliniambia nilitangulize jambo hili mapema, maana ukilisikia mwishoni utadhani tumechanganya karatasi.

Makao haya yalianza mwaka 2005, wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Iringa. Mnaukumbuka mji ulivyokuwa: malori ya Tunduma na ya Songea yanakutana hapa, treni ya TAZARA inapita hapa, na ugonjwa nao ulipita hapa. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, lakini kwa familia nyingi za huku dawa zilikuta makaburi. Akina mama wa usharika walianza na watoto sita kwenye nyumba ya mwinjilisti. Hawakuwa na mfadhili wala katiba, walikuwa na sufuria. Utafiti wa mwaka 2022/23 bado unauweka mkoa wetu wa Njombe juu kuliko yote nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7, kwa hiyo kazi ile haijaisha. Lakini imebadilika. Wazazi wengi leo wanakunywa dawa na wanaishi. Sisi tuliendelea kupokea watoto kama vile ni mwaka 2005.

Leo tuna watoto 39, wasichana 22 na wavulana 17. Wanakula kama kilo 14 za unga kwa siku. Tunalima ekari tatu za mahindi na viazi, na kinachopungua kinatoka kwenye mnada wa Jumapili baada ya ibada. Wageni wasioufahamu mnada wetu, kuku mmoja hununuliwa mara tatu: wa kwanza anamrudisha auzwe tena, wa pili vivyo hivyo, na wa tatu anasema apelekwe kwa watoto. Jogoo mmoja mwaka jana alitupatia gunia zima la maharage akiwa hai, na hatukuwa na moyo wa kumchinja.

Sasa niruhusu nieleze kilichotubadilisha, na ni kosa letu wenyewe. Muhusika ameniruhusu nilisimulie, ila jina lake nalihifadhi.

Mvulana wa kama miaka saba aliokotwa stesheni jioni moja akiwa na ndizi tano kwenye sinia. Hakujua jina la kijiji. Alisema anaishi "kwa bibi". Tulimpokea, tukampa godoro, tukamwandikisha shule. Kwenye rejista, mahali pa kueleza hali yake, tuliandika "yatima". Hakuna aliyetuambia kuwa ni yatima. Tuliandika kwa sababu hakuna aliyekuja kumdai.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mama mlezi mpya alikuwa anamvalisha sweta, mtoto akagoma. Akasema, "Kwa bibi hakuna sweta." Mama akauliza, kwa nini? "Kwa bibi hakuna baridi." Mama yule baba yake alifanya kazi reli. Akaacha sweta, akakaa kitandani, akauliza maswali ambayo sisi hatukuuliza kwa miaka miwili. Ulikujaje? Kwa treni. Njiani uliona nini? Treni iliingia gizani mara nyingi, watu wakafunga madirisha, halafu mwanga, halafu giza tena.

Anayeijua TAZARA ameshaelewa. Mahandaki yale yako kati ya Mlimba na Makambako, treni inapopanda kutoka bondeni. Mtoto alitoka chini, kwenye joto, kwenye ndizi. Alikuwa anamuuzia abiria dirishani, abiria akachelewesha pesa, akapanda kuifuata, treni ikaondoka naye.

Afisa Ustawi alipiga simu kwa mwenzake wa upande ule, mtendaji akatangaza, na baada ya wiki tano bibi akapanda treni. Alipofika hakumkumbatia. Alimkalisha, akamvua kiatu cha kushoto, akageuza kisigino kutafuta kovu la jembe. Alipoliona ndipo akalia. Alikuwa ameshafanya matanga.

Mheshimiwa, kamati ilikaa usiku ule mpaka saa tano. Tulifungua majalada yote 47 tuliyokuwa nayo, moja baada ya jingine, na kila penye neno "yatima" tukauliza: nani alisema? Watoto 33 walikuwa na ndugu anayejulikana: mama aliyeko mashamba ya chai, babu mwenye jicho moja, shangazi Mafinga, dada aliyeolewa. Wengine walikuja kwetu kwa sababu tuna madaftari na uji wa asubuhi, na nyumbani havikuwepo. Mtoto aliletwa kwa umaskini, sisi tukaandika kifo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012 tunazo ofisini, zimebandikwa ukutani. Tulikuwa tunazipita kila siku tukienda stoo. Hata Waraka wa Yakobo, ambao aya yake moja imeandikwa kwenye geti letu, hausemi kuwakusanya yatima. Unasema "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Kwenda. Fundi aliyechora geti alitutangulia kuelewa, maana alichora na njia.

Tangu hapo tumewarudisha watoto tisa. Haturudishi kwa kushusha begi mlangoni. Inaanza simu ya Jumamosi, kisha ndugu anakuja kutembelea, kisha mtoto anakwenda likizo wiki mbili, kisha Afisa Ustawi anatoa maoni yake, na hapo ndipo anahamia. Familia tunaipa kinachokosekana: mmoja alipewa mbegu na mbolea, mwingine mashine ya kushona, bibi mmoja aliomba bati sita tu. Mama mmoja hakuomba kitu, aliomba tumwonyeshe jinsi ya kumpa mtoto dawa kwa saa bila majirani kujua.

Nane kati ya hao wapo na wanasoma. Wa tisa alirudi kwetu baada ya miezi mitatu, mgongo una alama za fimbo. Tulipaswa kwenda kumwona mwezi wa kwanza. Hatukwenda, hatukuwa na nauli, na hilo nalisema mbele yake, yupo hapa. Siku tuliyokosa nauli, akaunti ya bweni ilikuwa na pesa ambazo haziruhusiwi kutumika kwa kingine.

Hapo ndipo penye ugumu wetu, Mheshimiwa. Fedha zinafuata idadi ya vichwa. Rafiki mmoja wa mbali anayetusaidia kwa miaka mingi, na tunamwombea kila siku, aliandika kuuliza mbona watoto wamepungua, kazi imeshuka? Watu wanapenda kufadhili godoro kwa sababu godoro linapigwa picha. Nauli ya basi haina sura. Na tuseme ukweli wetu: sisi pia tuliwapanga watoto mstari wakaimba kwa huzuni kila gari lilipoingia getini. Leo wataimba kwa furaha au wasiimbe, wamechagua wenyewe.

Wapo ambao hawatarudi popote. Watano hatujapata chanzo chao. Wengine nyumbani ndiko walikoumizwa, na sheria haitulazimishi kumrudisha mtoto kwenye moto. Hao tutakaa nao, na tunaishukuru Serikali kwa elimu bila ada, maana bila hiyo tungeshafunga.

Kuna jambo la ardhi, nalo ni zito kuliko hayo. Parachichi limepandisha bei ya mashamba mkoa mzima. Tuna watoto ambao shamba la marehemu baba yao limeshapandwa miche na baba mdogo, na baba mdogo huyo huyo ndiye aliyetuletea mtoto akisema hana uwezo wa kumlea. Tulipokuwa tunapokea bila kuuliza, tulikuwa tunamsafishia njia. Akikaa kwetu miaka kumi, nani kijijini atakumbuka mpaka wa shamba lake?

Na kuna vijana wetu wanaofikisha miaka 18. Mmoja amefaulu kwenda chuo kikuu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, ili ahesabiwe yatima. Wazazi wake walizikwa kijijini mwaka ambao hakuna aliyefikiria cheti. Mtoto ambaye tulimwita yatima miaka 15 hawezi kuthibitisha kuwa ni yatima. Mheshimiwa, utatusamehe, siku ile tulicheka kwanza.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Utusaidie kupata mafuta ya pikipiki ya Afisa Ustawi na fungu la nauli za kufuatilia watoto waliorudi, walau mwaka mmoja kwa kila mtoto. Uwaelekeze watendaji wa vijiji waandike mali za marehemu siku ya msiba, kabla mtoto hajaletwa kwetu, na atakayeleta mtoto aje na karatasi hiyo. Utusemee tupate vyeti vya vifo vya zamani kwa utaratibu usiomzungusha mtoto kata kwa kata.

Na lile bweni. Msingi ulimwagwa mwaka 2017, kuta ziko usawa wa lenta, majani yameota ndani na mbuzi wa jirani wanalala humo. Tunaomba ruhusa ya kubadilisha ramani: vyumba vinne vidogo na jiko. Bibi akija kumwona mjukuu alale karibu naye badala ya kulala stendi, na vijana wetu walioko vyuoni wawe na mlango wa kugonga mwezi wa kumi na mbili. Wanaotaka kuchangia hilo, kapu liko kwa mzee wa kanisa mwenye koti la kijani.

Baada ya nyimbo kutakuwa na mnada kama kawaida yetu. Jogoo hayumo, amestaafu. Kuna mkungu wa ndizi uliopanda na treni juzi kutoka Mlimba, aliyeutuma hakutaka kutajwa. Bei ya kuanzia ni shilingi elfu tano, na tumekuandalia kiti cha mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.