Askari wastaafu wapewe brashi na patasi

Ndugu Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka mkuki na ngao mnarani na dua husomwa. Waliozikwa Kaboya kule Muleba wanakumbukwa, na ndivyo inavyostahili. Mimi nawaombea wale waliorudi nafasi ya darasa la kuchora na kuchonga, liwasaidie kutuliza maumivu ya vita.

Vijana waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 sasa ni wazee. Nyuma yao wapo wadogo zao waliokuwa Semuliki, Congo, Desemba 7, 2017, siku walipouawa walinda amani wenzao zaidi ya kumi. Miongoni mwao wapo wasiopata usingizi, wanaoruka tairi likipasuka barabarani, wanaofoka kwa jambo dogo kisha wakajifungia chumbani hadi jioni. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo. Majirani walisema ana mashetani, ndugu wakamwambia avumilie kwa kuwa askari halii.

Mtu wa namna hii ukimwambia "hebu tusimulie", ananyamaza, wala si kiburi. Mambo ya kutisha mara nyingi hubaki kichwani vipande vipande: harufu, mlio, sura ya rafiki. Hayajajipanga yakawa simulizi. Akishika brashi, kipande kimoja hutoka kikakaa mezani mbele yake, akakitazama akiwa mahali salama, na akitaka anakifunika kwa rangi nyingine. Mikono ikishapata kazi, maneno huanza kuja, pengine kwa mwenzake wa benchi moja ambaye naye alikuwa vitani.

Haya yamejaribiwa kwingine. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, aliugua kifua kikuu mwaka 1938, akajituliza kwa kuchora kitandani, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwamo askari majeruhi. Katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, wanajeshi hupaka rangi vinyago vya uso kuonyesha wanachoshindwa kukitamka.

Sisi walimu tunao. Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza na rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, vitu vinavyopatikana madukani hadi leo. Wachongaji wa Mwenge wapo, na kutoka pale hadi Hospitali ya Jeshi Lugalo ni mwendo mfupi wa daladala. Mpingo ni mgumu, unadai nguvu na subira, na naamini mzee aliyezoea kazi za jeshi ataupenda.

Darasa lisichukue nafasi ya daktari wala dawa. Awepo muuguzi wa afya ya akili, kwa sababu kumbukumbu nyingine zikifunguka humwangusha mtu. Asilazimishwe yeyote kuchora vita. Anayetaka kuchora ng'ombe wa kwao achore ng'ombe. Na kazi zao zisitundikwe kwenye maonyesho wala kuuzwa bila ridhaa yao. Hilo nalisisitiza sana, maana maumivu ya mtu si bidhaa.

Naiomba Wizara ya Ulinzi ianze na darasa moja tu Dar es Salaam, kila Jumamosi, wake zao wakikaribishwa pia. Na nauli ilipwe, kwani mzee asiye na nauli wiki ya pili hatamwona mtu.

Mtoto wa askari wa vita vya Kagera,
Dar es Salaam