Kucha zako, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha ya kucha nimeipata. Michirizi ile ya kahawia inayoanzia kwenye shina na kupanda hadi ncha, gumba zote mbili, inaletwa na zidovudine, yaani AZT, dawa ya virusi vya UKIMWI uliyobadilishiwa baada ya ile ya awali, tenofovir, kukusumbua figo. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, kwa kuwa dawa huchochea chembe za rangi zilizo kwenye shina la ukucha. Haiumi, na wala haitoki kwa ndimu. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Hata dawa ikibadilishwa leo, ni karibu nusu mwaka mpaka weusi usogee wote ukakatwe. Ila mchirizi wa ukucha mmoja tu, unaopanuka na kumwagikia kwenye ngozi ya pembeni, huo usiisingizie AZT. Muonyeshe daktari wa ngozi.

Nakusihi usiruke dozi kwa sababu ya kucha, hasa ile ya jioni. Lamivudine, dawa ya pili iliyo kwenye kidonge hichohicho cha AZT, virusi huwa sugu kwake upesi ukiruka dozi.

Ninachotaka ukitazame ni weupe wa kupungukiwa damu. AZT huweza kupunguza damu. Futa rangi ya kucha, simama dirishani mchana, vuta kope ya chini: kwa ndani pawe pekundu. Kisha linganisha kiganja chako na cha mwenzako. Pakiwa pamepauka, au ukihema kwa ngazi chache tu, kapime wingi wa damu siku hiyohiyo. Hata ukijisikia mzima, usikose kipimo cha damu cha wiki ya 4, ya 8 na ya 12 tangu uanze AZT.

Piko nyeusi achana nayo kwa sasa. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele, na ikikutoa malengelenge hatutajua kama ni yenyewe au ni Septrin, ile dawa yako ya kukinga maambukizi.

Septrin ndiyo ninayoihofia kwenye ngozi, zaidi wiki za mwanzo. Vipele vikavu vya kuwasha, bila homa, wapigie kliniki wakuelekeze. Lakini ukiona malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, au ngozi inauma ikiguswa na kubanduka, usimeze Septrin nyingine. Beba dawa zako zote na pakiti zake, uende hospitali usiku huohuo. Hizo nyingine daktari ataamua.

Picha ijayo weka mkono juu ya karatasi nyeupe, pasiwe na kivuli, nione vizuri.

Mama yako