Moto ukija utabeba chombo gani?

Mhariri, asalaam aleikum, naomba kanafasi kadogo. Mimi Mzanzibari niliehamia California miaka mingi, gazeti nalisoma kwa simu. Ndugu zangu huko nyumbani mpaka leo wananicheka eti usiku wa moto nilikimbia na udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, paspoti nikaziacha. Wacheke tu, ila nina la kusema.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Januari 2025. Moto wa Palisades, mtaa wa Los Angeles, ulianza asubuhi huko upande wa baharini, sisi Altadena tukawa tunautazama kwenye TV kama mambo ya watu, jioni saa kumi na mbili na ushee ukawaka mwingine kwenye bonde la Eaton Canyon hapahapa kwetu, na upepo wa Santa Ana, ule mkavu utokao jangwani, siku ile skwambii, ukifungua mlango wa gari unataka kung'oka. Sisi tulio magharibi ya Lake Avenue amri ya kuhama ilitufikia karibu saa tisa na nusu usiku, cheche zishafika barazani.

Sasa gari ni moja, mke, watoto wawili, na chumba kizima cha vyombo: ganuni, fidla mbili, kodiani, dumbaki, kinanda cha umeme ambacho deni lake sijamaliza, na udi wa marehemu ami yangu. Mimi mbio kwenye kinanda, kwa vile ndo ghali. Nimekifikisha mlangoni mke wangu ananiuliza, "Hicho si kipo dukani?" Nikakibwaga palepale nikarudi kuchukua udi, umelika kifuani pale mkono wa ami ulipopita miaka yote ile, bima gani italipa hiyo? Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 na upana wake ule, ama iingie yenyewe ama waingie watoto. Nyumba iliungua yote.

Lakini kinachoniuma si ganuni. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na boksi la kaseti za ami akipiga na wenzake, lingekaa miguuni kwa mtoto wala asingelalamika, na hakuna aliyelikumbuka. Palisades kuliungua stoo ya nota za Arnold Schoenberg, yule mtunzi aliyewakimbia Wanazi, nota kama 100,000 zote majivu, ila maandishi ya mkono wake mwenyewe yako Vienna kitambo. Mimi Vienna yangu ilikuwa uvunguni.

Na jengine, ukishaokoa chombo usikiache kwenye buti la gari juani kama nilivofanya mimi. Udi na fidla za zamani zimeshikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, joto linailegeza, kidogo tu daraja la udi, kile kibao kinachoshika nyuzi, libanduke, fundi kaniambia ningelegeza nyuzi mapema.

Vikundi vya taarab huko nyumbani, najua kaseti zenu ziko kabati moja na funguo anazo mtu mmoja. Zinakilini, nakala akae nazo mtu wa mtaa mwengine.

Na kama kuna msomaji alierekodi harusi za mtaa wa Ng'ambo, Unguja, miaka ya 80, akasikia udi unatangulia mbele ya fidla kabla muimbaji hajafungua mdomo, huenda ndo ami yangu huyo, aniandikie kupitia gazeti hili. Nauli ya kaseti nalipa mimi.

Msomaji wenu,
Altadena, California