Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watoto Wetu, Maradhi Yao na Skuli

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, Assalaam alaykum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Chake Chake, Pemba, ingawa viti vitupu ni vingi kuliko vilivyokaliwa, na hilo nitalirudia. Taarifa hii ni ya mwaka wa jumuiya yetu ya wazazi wa watoto wenye maradhi ya kudumu, ulioanza Julai na kumalizika Juni.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nazipitia upesi. Kamati ilikaa mara saba. Tuliwatembelea watoto waliolazwa Chake Chake, Wete na Mkoani. Tuliadhimisha Siku ya Kisukari tarehe 14 Novemba na Siku ya Selimundu, yale maradhi ya damu ya kurithi (sikoseli), tarehe 19 Juni. Familia tatu zilisaidiwa nauli ya boti kwenda kliniki Unguja. Daftari letu lina watoto 74: wa selimundu 31, wa pumu 19, wa kifafa 12, wa kisukari 9 na wa maradhi ya moyo 3.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani karatasi ya mtoto, ile inayomueleza mwalimu maradhi ya mtoto na namna ya kumsaidia.

Uamuzi wenyewe ni huu: mtoto anayeanza maandalizi au darasa la kwanza, au anayehamia skuli nyengine, hapewi mkoba wa jumuiya mpaka mzazi awe ameijaza karatasi ya mtoto na kuifikisha kwa mwalimu mkuu. Wapo waliosema mwenyekiti anawaanika watoto wa watu kama karafuu. Wapo waliosema nimeigeuza sadaka kuwa amri. Na wapo waliosema akidi haikutimia. Hawa nawaheshimu zaidi, kwa sababu walikuja kunambia usoni.

Naanza na akidi. Katiba yetu inataka thuluthi ya wanachama. Tuko 61, kwa hiyo wanatakiwa 21. Mkutano wa Oktoba walikuja 11, nikauahirisha. Wa Novemba walikuja 13, na wawili katika hao waliondoka kabla ya ajenda ya pili. Ulikuwa msimu wa karafuu, nafahamu, hata mimi nina mikarafuu yangu. Lakini skuli zinafunguliwa Januari, hazingoji tumalize kuchambua. Kamati ya watu watano ikakaa, wanne wakakubali, mmoja akakataa, mimi nikatia saini. Kama ni kosa la utaratibu, katibu aliandike kwenye kumbukumbu kwa jina langu. Lakini ningelikuwa pale tena leo, ningelitia saini tena.

Nitasema kwa nini, na wachache tu wamewahi kunisikia nikilisema hili. Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Alipoanza darasa la kwanza sikumwambia mtu yeyote pale skuli. Asubuhi nilimpiga sindano yake, nikamfungia chakula, nikamuonya: usimwambie mtu. Ni mtoto wa kike, nikawaza maneno ya watu, nikawaza hata posa ya miaka kumi na tano mbele. Wiki ya tatu, siku moja mapumziko yalichelewa. Sukari ikamshuka. Akawa anatoka jasho, anatetemeka, akiulizwa hajibu. Mwalimu akamuona mkaidi, akamsimamisha ukutani, na palepale ukutani akateleza mpaka chini. Aliyemuokoa ni mama mmoja anayeuza juisi nje ya skuli, ambaye mumewe ana maradhi hayohayo. Alilijua lile jasho, na kwa kuwa mtoto alikuwa bado anaweza kumeza, akamnywesha juisi ya miwa kidogo kidogo mpaka macho yakarudi.

Simlaumu mwalimu yule. Hakuambiwa. Jioni nilimuuliza mwanangu kwa nini hakusema kuwa anaishiwa nguvu, akanijibu, “Mama, si ulinambia ninyamaze?” Tangu wakati huo ndipo nilipoanza kupiga hodi skuli moja baada ya nyengine, kwa miguu na kwa nauli yangu, miaka miwili kabla jumuiya hii haijawa na mhuri. Anayesema nimelizua jambo hili nikiwa kitini hajui lilikotoka.

Karatasi yenyewe ni ya upande mmoja tu. Ina jina la mtoto, maradhi yake, dawa na saa zake, dalili zake za hatari, jambo la kwanza la kufanya, na nambari mbili za simu. Siyo historia ya familia, wala hakuna aliyeulizwa nani kamrithisha nani. Mwenye kisukari, sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, au dalili zikionekana na mashine haipo, apewe haraka gramu 15 za sukari, ambazo ni kama nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, kisha aangaliwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mwenye kifafa akianguka alazwe ubavu, asibanwe, asitiwe kijiko mdomoni, na mtu aangalie saa, kwa sababu degedege likipita dakika tano ni hatari. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe karibu naye, isifungiwe kabatini ofisini, na asikae mstari wa mbele vumbi la chaki linapofutwa.

Na mtoto wa selimundu, ambao ndio wengi kuliko wengine daftarini mwetu, ana mambo mawili ambayo mwalimu asipoambiwa hawezi kuyajua kabisa. La kwanza, lazima anywe maji siku nzima, na figo zake haziwezi kuyazuia maji kama za wenzake, kwa hiyo ataomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi. Ukimkatalia ruhusa, ama atajikojolea mbele ya wenzake, ama ataacha kunywa maji ili asiombe, na maumivu yatamrudia usiku. La pili, homa kwake si ya kungoja kengele ya mwisho ilie. Aitwe mzazi saa ileile. Mama mmoja wa Vitongoji alinambia kwamba tangu mwanawe apewe ruhusa ya choo bila kuuliza, chupa yake inarudi nyumbani tupu. Kwangu habari hiyo ni kubwa kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuitoa.

Sasa niseme palipokwenda vibaya, maana nisiposema mimi atasema mwengine. Katika skuli moja, karatasi ya mtoto mwenye kifafa iliachwa juu ya meza, wanafunzi wakaisoma. Mtoto akakaa peke yake kwenye dawati kwa siku nne, wenzake wakiogopa kuambukizwa. Kifafa hakiambukizi, lakini watoto wa miaka saba watajuaje wakati watu wazima wengine bado wanakimbia? Mama yake alikuja kwangu usiku akilia, na sikuwa na la kujitetea. Kesho yake nilikwenda skuli hiyo mwenyewe, nikazungumza na darasa zima kwa idhini ya mwalimu mkuu. Tangu hapo karatasi zote zinakwenda ndani ya bahasha iliyofungwa, nakala mbili tu, moja ya mwalimu mkuu na moja ya mwalimu wa darasa, na nje halikuandikwa neno lolote la maradhi. Kwa hiyo wazazi waliohofia hili walikuwa na haki ya kuhofia. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba dawa yake ni kuficha. Maneno ya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua tunayasema kila siku, lakini katika habari hii mfichaji ni mzazi na anayeanguka ni mtoto.

Watoto waliohitaji mikoba walikuwa 21. Kufikia Januari wazazi 15 walikuwa wameleta karatasi, wawili wakaja Machi, na wanne wamekataa mpaka leo. Wanne hao bado ni ndugu zetu, na mlango wangu haujafungwa.

Lipo pia lawama la chai ya walimu. Tuliwaita walimu 26 kutoka skuli tisa, mara mbili, muuguzi na daktari wakawafundisha, tukatumia shilingi 285,000 kwa nauli na chai. Nimesikia kwamba fedha za wagonjwa zimeliwa kwa sambusa. Ndugu zangu, mwalimu ana wanafunzi wengi darasani na ametoa Jumamosi yake kwa ajili ya mtoto wako. Kumpa kikombe cha chai ni adabu tu. Matunda yake tuliyaona Ramadhani, iliyoangukia muhula wa kwanza. Watoto wetu wa kisukari wanaolazimika kula mchana walikuwa wakila kwa kujificha vyooni, mpaka walimu waliopata mafunzo wakawafungulia chumba na kuwaachia nafasi. Na mtoto mkubwa anayetaka kufunga kama wenzake, mzazi aende naye kwa daktari kabla mwezi haujaandama, siyo siku ya tatu ya mfungo.

Hesabu za mshika fedha ni hizi. Tulianza na baki ya shilingi 212,000. Ada zilizolipwa ni 594,000. Michango ya jamaa zetu walio nje na wahisani ni 650,000. Jumla 1,456,000. Matumizi: mikoba 17 kwa 38,000, yaani 646,000, walimu 285,000, nauli za Unguja 240,000, karatasi na nakala 73,000, mitungi sita ya udongo ya kuhifadhia insulini, inayopozwa kwa mchanga wenye maji, kwa nyumba zisizo na friji, 54,000. Jumla 1,298,000. Baki 158,000. Risiti ziko mezani. Kuhusu mitungi, nawakumbusha wenye nayo: mchanga ubaki na maji na mtungi ukae kivulini penye upepo, na wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, haupozi sana, kwa hiyo msiweke akiba ya miezi. Wala insulini isigusane na barafu, ikiganda imeharibika.

Mkiangalia hesabu hiyo mtaona kwamba wageni wametuchangia kuliko tulivyojichangia wenyewe. Ada ni 2,000 kwa mwezi. Wanachama 19 wamelipa mwaka mzima, 14 wamelipa nusu nusu, na 28 hawajatoa hata shilingi. Tulichokosa ni 870,000, fedha ambayo ingelinunua mikoba mengine zaidi ya ishirini. Najua wapo ambao dawa zimewamaliza, na hao waje kwa katibu kimyakimya, wataandikiwa msamaha. Lakini wapo waliovuna mwaka huu, na wapo walioozesha watoto wao kwa shangwe, tukaalikwa tukala pilau, na jina halina alama daftarini. Linaniumiza zaidi ninapoona kwamba waliolalamikia karatasi kwa sauti kubwa, wengi wao hawakuhudhuria mkutano hata mmoja katika minne. Mimi nimehudhuria yote, ukiwemo ule niliokuja kutoka wodini na nguo za jana.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Inshallah, kuzifikia skuli za Micheweni na Konde. Tungependa pia kuwafikia walimu wa chuoni, yaani madrasa za Kurani, kwa sababu tumelisahau hilo: mtoto akitoka skuli adhuhuri anakwenda chuo hadi alasiri, na ustadhi naye hajui kitu. Tunatumai kupata mfadhili wa stripu za kupimia sukari. Nimeanza mazungumzo, bado ni mapema kusema.

Fomu za watoto wanaoanza Januari ziko kwa katibu kuanzia leo. Asiyejua kuandika aje kwangu baada ya alasiri, nitamuandikia, na asiyependa kwenda skuli peke yake nitafuatana naye.

Naomba kuwasilisha.