Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Nitasema juu ya jambo lililotula muda kuliko yote mwaka huu: miwani ya uhalisia pepe ya madarasani, ile inayomwonyesha mwanafunzi picha kana kwamba yumo ndani yake.

Mnakumbuka tuliazimia kununua maboksi ya kadibodi yenye lenzi mbili, aina ile iliyotolewa na Google mwaka 2014, ambayo simu hutumbukizwa ndani. Maboksi hayakusumbua. Simu ndizo zilizotuumbua. Tulinunua za bei nafuu, kumbe hazina gairoskopu, kile kifaa kinachoijulisha simu kwamba kichwa kimegeuka. Mtoto anageuka, picha imeganda pale pale. Tulilipa kabla ya kujaribu hata moja. Lawama zije kwangu. Ikabidi tuazime simu za walimu, na darasa zima likapata miwani mbili tatu tu.

Uhaba huo ndio uliotufundisha. Katika somo la moyo nililoshuhudia, kidato cha pili, mmoja alivaa na kusimulia, wenzake wanne wakachora kwenye karatasi ya manila. "Ukuta wa kushoto mnene," akasema. Wakamrudia: "Kushoto kwako au kwa mwenye moyo?" Kimya. Akavua miwani, kikafunguliwa kitabu, wakabishana hadi wakaelewana: mnene ni wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo upande huo, maana ndiyo inayosukuma damu mwili mzima; ya kulia inaipeleka mapafuni tu. Ubishi wote ulikwenda kwa Kiswahili, ingawa somo hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu alijifanya hasikii. Na mimi pia.

Kwingine, kila mtoto alikuwa na miwani yake. Darasa lilitulia tuli, na walipoulizwa baadaye walisimulia jinsi ilivyopendeza, basi.

Wapo waliopata kizunguzungu, kwa hiyo mvaaji sasa anakaa kitini, dakika tano tu. Na asije mtu akatuambia miwani ichukue nafasi ya maabara. Harufu ya amonia haimo humo.

Kamati inaomba ridhaa yenu: fedha zilizobaki zisinunue miwani zaidi. Zinunue manila na kalamu za rangi, na zilipe nauli za walimu kwenda kukaa viti vya nyuma katika madarasa ya wenzao na kutazama. Rasimu ya azimio iko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu.