Risala ya kikundi cha wafuga kuku wa kienyeji kwa Mgeni Rasmi: chakula cha kuku na mashine tunayoisubiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mtendaji, Afisa Mifugo wa kata, masheikh na wachungaji mliopo, wazee wetu, ndugu waalikwa, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama maana barabara ya huku kwetu tunaijua, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha majukumu yako yote ukaja kukaa na akina mama na vijana wafuga kuku. Karibu sana Singida, karibu nyumbani.

Historia yetu siyo ndefu. Tulianza kama akina mama wa upatu, tukaona hela ya upatu inaliwa inaisha, tukakubaliana kila mmoja alete tetea mmoja, vijana wakaja wakajenga banda. Leo kikundi kina katiba, kina usajili, kina akaunti benki na jina letu linajulikana mpaka mnadani. Mafanikio ni makubwa mheshimiwa: tumenunua viti vya plastiki ndio hivyo mlivyokalia, kuna wanachama wanasomesha kwa mayai, na ugonjwa wa kideri uliokuwa unafagia mabanda ya kijiji kizima sa hivi hatuuogopi kama zamani, tunachanja kwa tone la jicho kila baada ya miezi 3, na jirani akisahau tunamfuata mpaka kwake. Mengine yapo kwenye taarifa ya mweka hazina, nisikuchoshe.

Kilichotuleta hapa ni chakula cha kuku.

Wengi wanasema kuku wa kienyeji anajitafutia mwenyewe. Ni kweli, akiachiwa. Anaokota mchwa, majani, punje, na hata vijiwe anaokota, maana kuku hana meno, chakula kinaenda kusagwa kwenye filigisi na bila changarawe humo ndani nafaka nzima na majani vinamshinda. Lakini msimu wa kupanda hatuwezi kuwaachia, wakifukua mbegu za jirani ni kesi kwa Mtendaji, kwa hiyo wanafungiwa, na kuku wa kufungiwa anakula kile tu ulichomwekea. Kuna tetea mmoja wa kikundi alikuwa anakonda huku gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, limejaa, tukamchinja, mama mmoja akapasua filigisi mbele yetu, hakukuwa na jiwe hata moja, kulikuwa na fundo la majani makavu limejisokota na nyuzi za kiroba. Toka siku hiyo changarawe tunachota korongoni, tunachekecha, tunaosha, tunaweka kwenye chombo chake bandani, na za vifaranga tunachagua zile ndogo kabisa. Hilo hatukuombi mheshimiwa, tumelimaliza wenyewe.

Chokaa nayo tunanunua wenyewe, kwa sababu changarawe inasaga tu, haijengi ganda. Yai moja linabeba kama gramu 2 za kalsiamu, tetea asipoipata anaanza kutaga mayai ya ganda laini, na mteja wa mayai hayo hayupo. Tunaiweka pembeni ili anayetaga achukue mwenyewe, maana ikizidi kwenye chakula cha vifaranga inawaharibu figo.

Tulipokwama ni kuchanganya. Tetea wa mayai anataka chakula chenye protini asilimia 16 mpaka 18, pumba peke yake haifiki huko hata ungemwaga gunia zima. Na sisi tuko kwenye alizeti! Inakamuliwa mafuta hapa hapa mkoani, na mashudu, yale makapi yanayobaki yenye protini, yanapakiwa kwenye malori tunayaangalia yakiondoka, halafu sisi tunanunua mfuko wa chakula uliosafiri kutoka mbali kwa bei ambayo yai haliwezi kuirudisha. Kuku 100 waliofungiwa wanamaliza kama kilo 10 kwa siku. Mahindi tunayo, mashudu yapo, dagaa wa Mwanza wanafika mnadani ingawa wengine wamejaa mchanga, ukiwaloweka kwenye ndoo unauona umetuama chini. Tunachanganya kwa koleo sakafuni, na koleo haifikishi chumvi kila mahali, inabaki kwa mafungu, kuku aliyeangukia fungu hilo anakunywa maji mpaka anakufa. Tumewapoteza kuku kwa namna hiyo na inauma sana.

Mheshimiwa, mashine ya kusaga na mikisa yake ya kuchanganyia tumeshaahidiwa. Tunasema kwa heshima kubwa. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi tukapiga vigelegele. Aliyefuata akasema suala liko mezani. Wa mwisho akatuambia jengeni kwanza chumba, mashine iko njiani, tukafyatua matofali wenyewe, bati tukakata kwenye akiba, chumba ni kile pale chenye kufuli, ndani kuna msingi wa zege wenye boliti nne zinazosubiri mashine na zimeanza kushika kutu. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi, ile ya asilimia 10, iliposimamishwa 2023 tulielewa, iliporudi 2024 tukajaza fomu upya, tunaambiwa inashughulikiwa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tunaomba mashine ya kusagia pamoja na mikisa, na umeme wa njia tatu ufike kwenye kile chumba, maana mashine bila umeme huo ni mapambo. Tunaomba pia utuambie tarehe, maana neno "hivi karibuni" tumeshaambiwa mara nyingi. Na kama kwa mwaka huu wa fedha haiwezekani, tafadhali tuambie leo hii mbele ya wanachama, tutauza majogoo tutafute mikisa ndogo ya kuzungusha kwa mkono, tuko tayari kabisa, kinachotuumiza ni kuzuia hela ya kikundi tukisubiri kitu ambacho hatujui kama kipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mhazini anakuletea daftari la wageni, safu ya mwisho tumeiandika ahadi na tarehe, tunaomba uijaze kwa mkono wako kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.