Mhariri, hata sisi tunaweza kufungua kompyuta zetu

Ndugu mhariri, pole na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Kihesa, Iringa, na leo nina dukuduku. Ukurasa wenu wa teknolojia ni simu mpya simu mpya, ikitajwa kompyuta ya mezani basi ushauri ni mmoja, peleka kwa fundi.

Haya, mi nilipeleka. Ni Dell OptiPlex 7020, zile za mtumba wa maofisini, ilienda na ramu mbili, vile vijiti vya kumbukumbu ya muda, kila kimoja GB 4, kisa iko slo, ikarudi slo zaidi, mwezi mzima nahangaika nayo hadi siku nimebonyeza Ctrl, Shift na Esc naangalia ramu, naona GB 4 tu. Moja imehama. Ushahidi sina, ila tangu hapo nafungua mwenyewe.

Na wala sio kazi ya ajabu. Unachomoa waya wa umeme kabisa, kuzima kwenye soketi hakutoshi, afu unabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi hivi ili umeme uliobakia ndani uishe. Sasa kuna umeme mwingine ambao sisi watu wa baridi tunaujua sana, zile cheche mwezi wa saba ukivua sweta gizani au ukivuta blanketi, basi hizo ndo zinaua chipu, na hata ile ndogo ambayo mwili hausikii kabisa inaweza kuua. Kwahiyo sweta vua kabla hujaanza, usikae kwenye zulia, gusagusa bati la kesi kila mara, na ramu ishike pembeni, zile pini za dhahabu usiziguse.

Ramu zenyewe hazifanani jamani! Kuna aina ya DDR3 na ya DDR4 iliyokuja baadae, DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na kale kapengo ka chini kamekaa sehemu tofauti. Mi kwa haraka zangu nilinunua DDR4 wakati mashine ni ya DDR3, nasukuma haiingii, nashukuru sikulazimisha ningepasua madabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Inayotakiwa inaingia ikilia tak kila upande. Ukiwasha ikapiga bipu skrini nyeusi usipaniki, zima, chomoa waya tena, toa ramu, sugua pini taratibu na kifutio cha penseli, rudisha.

Ila kilichoifufua kweli ni SSD, ile diski ya kisasa ya chipu. Nilihamisha mafaili kwanza, nikatoa hard disk ya zamani, nikaweka SSD, nyaya ni mbili tu, ya data na ya umeme, na plagi zake zina umbo la L huwezi kuzigeuza. Zamani nilikua nawasha naenda kuchemsha chai, saizi hata sufuria sijashika imeshawaka.

Mafundi nawaunga mkono kwenye pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Lile boksi usilifungue hata kama umechomoa waya, kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme, zinabaki na chaji, ikifa badilisha nzima. Na hizi 7020 plagi yake kubwa ya kwenye madabodi ni pini 8, sio zile 24 za kawaida, kwahiyo dukani nenda nayo mkononi. Zingine za zamani zina kaswichi kekundu nyuma, 115 na 230, ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu utasikia pa! na moshi juu.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu Windows 11 haiitambui rasmi, nimeweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, mambo yanaenda.

Ombi langu dogo tu mhariri, wiki moja hiyo simu ipumzike, mtoe picha kubwa ya DDR3 na DDR4 zimelazwa pamoja, kapengo kaonekane, tukate tukabandike ukutani.

Msomaji wenu, Kihesa, Iringa